Jeni, Unene na Kisukari: Sayansi ya Urithi Ina Nini kwa Watu wa Kibenga?

Sukari ya Moso ikiadimika madukani Bujumbura, kama ilivyotokea mara kadhaa miaka hii ya karibuni, hakosekani mtu wa kusema kwamba angalau ugonjwa wa kisukari utapungua. Ni mzaha, lakini ndani yake mna imani ambayo wengi wetu tunaishi nayo: kwamba kisukari ni malipo ya ulafi, na unene ni hesabu ya kilichoingia tumboni. Kibenga, mtaa wa Bujumbura ambako nyumba za wenye nafasi zimepakana na makao ya wavuvi na vibarua, imani hiyo ina nyongeza yake. Kitambi cha mwenye gari huonwa kuwa neema, kisukari chake huitwa ugonjwa wa matajiri, na mvuvi mwembamba anayekesha ziwani akitafuta ndagala na mukeke hujiona amesalimika. Sayansi ya urithi imekusanya ushahidi mwingi juu ya mambo haya, na ina la kumwambia kila mmoja wao.

Tuanze na lililothibitika. Mwaka 1986, nchini Denmark, walichunguzwa watu wazima 540 waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Uzito wao haukufuata wa wazazi waliowalisha, bali wa wale waliowazaa. Miaka minne baadaye ukatoka uchunguzi mwingine, wa vijana wa kiume jozi 12 za pacha wanaofanana, ambao walikubali kukaa chini ya uangalizi na kulishwa kalori 1,000 za ziada, siku sita kwa wiki, kwa muda wa siku 100. Ziada ilikuwa sawa kwa wote. Aliyeongezeka kidogo kuliko wenzake alipata kilo 4.3, na aliyewapita wote alipata kilo 13.3. Lakini pacha kwa pacha walikaribiana sana: Kulwa akinenepa, Doto naye hunenepa, na hata mahali mafuta yalipojikusanya walifuatana. Mama mwenye mabinti wawili wanaokula sufuria moja, mmoja mwembamba na mwenzake mnene, hana sababu ya kumsimanga huyu wa pili mezani.

Watafiti hukadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 70 ya tofauti za uzito baina ya watu hutokana na urithi. Takwimu hiyo isomwe polepole. Inazungumzia tofauti baina ya watu ndani ya jamii moja, si sehemu ya kilo za mtu mmoja, na maisha ya jamii yakibadilika, hesabu nayo hubadilika. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Wapima, wenyeji wa asili wa jangwa la Marekani na Mexico. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba katika upande wa Arizona, wanakoishi kwa magari na vyakula vya dukani, watu wazima 38 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Kwa ndugu zao wa milimani Mexico, waliobaki na jembe na kazi za mikono, walikuwa 7. Asili yao ni moja, lakini maisha yamewatenga.

Jeni zenyewe zilianza kuonekana kupitia panya. Mwaka 1950 maabara moja ya Marekani ilitangaza kupata panya wanene kupita kiasi, wasioshiba. Ikachukua hadi mwaka 1994 kuipata jeni iliyoharibika ndani yao. Ni jeni inayotengeneza leptini, homoni ambayo mafuta ya mwili huitoa ili kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Bila leptini, ubongo huamini kwamba mwili unakufa njaa. Miaka mitatu baadaye, Uingereza, walipatikana watoto wawili wa ukoo mmoja wenye hitilafu kama hiyo, na mwaka 1999 ikatangazwa habari ya msichana wa miaka 9, mwenye kilo zaidi ya 90, aliyedungwa leptini kila siku. Hamu yake ya kula ilitulia, na kwa mwaka mmoja akapungua kilo 16.

Hapo dunia ikadhani dawa ya unene imepatikana. Haikuwa hivyo. Watu wanene walio wengi wana leptini tele; tatizo ni kwamba ubongo wao hauitikii vizuri, na kuwaongezea hakukusaidia sana. Kilichobaki ni elimu kubwa kuliko dawa: njaa si tabia mbaya ya mtu, ni taarifa inayopita kati ya mafuta na ubongo, na taarifa hiyo ina jeni zake.

Kwa watu wengi hakuna jeni moja iliyoharibika. Mwaka 2007 ilitangazwa jeni iitwayo FTO, ambayo tofauti yake ndogo ni ya kawaida sana kwa Wazungu. Aliyeirithi kwa baba na kwa mama huwa na wastani wa kilo tatu zaidi ya asiye nayo kabisa. Kilo tatu tu, na hiyo ndiyo iliyoongoza kwa nguvu. Tangu hapo zimegunduliwa tofauti nyingine kwa mamia, kila moja ikiongeza gramu zake. Ziwa Tanganyika hulishwa na Rusizi, na Ntahangwa, Muha na Kanyosha, na vijito visivyo na majina, na mvua yenyewe. Nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo. Maji yalipopanda na kuingia mitaa ya kando ya ziwa hapa Bujumbura, hakuna aliyeweza kukilaumu kijito kimoja. Uzito wa mwili nao hupanda kwa njia hiyo, na asilimia kubwa ya jeni zinazohusika hufanya kazi katika ubongo, zikigusa njaa na shibe.

Kisukari cha aina ya pili nacho kina orodha yake ya jeni. Jeni iliyo maarufu zaidi, TCF7L2, ilitangazwa mwaka 2006 baada ya kuonekana Iceland, na kila nakala ya tofauti hiyo huongeza uwezekano wa kuugua kwa takriban theluthi moja au zaidi kidogo. Haimnenepeshi mtu, hudhoofisha kazi ya kongosho, kiungo kinachotoa insulini. Kwa sababu hiyo wapo wanene wasiopata kisukari maishani, na wapo wembamba wanaokipata. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya vinasaba vya watu zaidi ya milioni 2.5 na kutaja sehemu 611 za urithi zinazohusiana na ugonjwa huu.

Katika mamilioni hayo, Waafrika wa barani ni wachache mno, na ramani iliyochorwa kwa Wazungu huwapotosha watu wengine. Mwaka 2019, watafiti waliopima watu 5,231 wa Nigeria, Ghana na Kenya walikuta jeni iitwayo ZRANB3 ikihusiana na kisukari, na haikuwa imejitokeza katika tafiti kubwa za Ulaya. Mwanafunzi wa baiolojia anayesoma haya Bujumbura asidhani kazi imekwisha. Upande wetu ndiyo kwanza imeanza.

Mwaka huohuo, kutoka vijiji vya kusini magharibi mwa Uganda, lilitoka jambo ambalo kwangu ndilo lenye manufaa ya karibu zaidi kwa mtu wa Kibenga. Nalo halihusu unene. Linahusu malaria.

Kipimo cha kisukari kinachopendwa siku hizi ni kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kinachoandikwa HbA1c kwenye karatasi ya maabara. Hupima sukari iliyoshikamana na himoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu. Ubora wake ni kwamba mtu hahitaji kufunga kula. Lakini kimejengwa juu ya sharti moja, kwamba chembe nyekundu huishi muda wake wa kawaida, yapata miezi mitatu hadi minne. Sisi wa nchi za malaria tumerithi kwa wahenga wetu mabadiliko kadhaa ya damu yanayopunguza makali ya ugonjwa huo: chembe ya sikoseli iliyorithiwa kwa mzazi mmoja, talasemia ya alfa, na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Mabadiliko haya yaliwaokoa babu zetu, nasi tumezaliwa kwa sababu yake. Ila yanaigusa chembe nyekundu ileile ambayo kipimo kinaitegemea. Chembe ikifa mapema, haipati muda wa kushika sukari ya kutosha, na kipimo kinatoa jibu la chini kuliko ukweli.

Kule Uganda ilionekana kwamba talasemia ya alfa inahusiana na tofauti za kipimo hiki. Miaka miwili kabla, kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, ilikwishaonekana kwamba mwanamume mwenye tofauti moja ya jeni ya G6PD, iliyo ya kawaida kwa Waafrika, husomeka pungufu kwa takriban asilimia 0.8. Hesabu yake ni rahisi. Mpaka wa kuambiwa una kisukari ni asilimia 6.5. Mwenye 7.0 ya kweli atasomeka 6.2, ataambiwa ajihadhari tu, na atarudi nyumbani kuugua bila kujua. Bujumbura imekaa kwenye tambarare ya Imbo, kandokando ya ziwa, na malaria ni jirani yetu wa zamani.

Hii haina maana kwamba kipimo ni kibovu. Kwa wengi kinafaa, na daktari akikiagiza kifanywe. Maana yake ni kwamba jibu la HbA1c lisisimame peke yake pale linapopingana na dalili, yaani kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku, na kukonda bila sababu. Sukari ya damu ya asubuhi kabla ya kula bado ni shahidi mzuri: miligramu 126 kwa desilita au zaidi, ambayo maabara nyingine huiandika gramu 1.26 kwa lita, ikirudiwa siku nyingine na kukuta vilevile, inatosha kumwambia mtu ukweli. Na mwenye sikoseli katika ukoo amtajie mhudumu kabla ya kutolewa damu.

Kwa mama mwenye mtoto mchanga kuna habari nyingine, adimu lakini nzuri. Mtoto akipatwa na kisukari kabla ya kutimiza miezi sita, mara nyingi chanzo ni jeni moja. Mwaka 2004 ilijulikana kwamba baadhi yao wana hitilafu katika jeni iitwayo KCNJ11, inayotengeneza sehemu ya mlango mdogo ndani ya seli za kongosho, mlango unaokwama na kuizuia insulini isitoke. Ikagundulika kwamba vidonge vya aina ya glibenklamidi, dawa ya zamani na ya bei nafuu, huukwamua mlango huo. Katika matokeo ya mwaka 2006, wagonjwa 44 kati ya 49 waliachishwa sindano za insulini, wakatumia vidonge na sukari yao ikatulia vizuri kuliko mwanzo. Ni ugonjwa wa mtoto mmoja katika watoto wengi sana, pengine laki moja. Hata hivyo kwa nyumba isiyo na friji, au yenye friji na umeme wa kubahatisha, kuhama kutoka sindano kwenda kidonge ni kuzaliwa upya. Iko maabara Uingereza ambayo imekuwa ikipima jeni za watoto wa namna hii bila malipo, kwa damu inayotumwa kutoka nchi mbalimbali. Onyo ni moja: insulini haiachwi mpaka jibu lirudi na daktari aamue.

Sasa nirudi kwa mvuvi mwembamba, maana yeye ndiye anayesahaulika. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba watoto 56 katika kila 100 wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tulizoea kuliona jambo hilo kama habari ya kimo na ya akili darasani. Lina mkono mrefu zaidi. Waholanzi waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945 walikutwa, wakiwa watu wazima, na miili inayoshindwa kuidhibiti sukari. Miaka sitini baadaye, kwenye jeni zao zilionekana alama ndogo za kikemikali zilizotofautiana na za ndugu zao wa tumbo moja. Jeni zilikuwa zilezile, ila namna ya kuwaka na kuzimika ilikuwa imeguswa. Kama alama hizo ndizo zilizoleta ugonjwa au ni nyayo tu za njaa iliyopita, mjadala bado haujafungwa. Uchunguzi wa mwaka 2024 juu ya njaa ya Ukraine ya 1932 na 1933 ulikuta kwamba walioshikwa na njaa hiyo mwanzoni mwa mimba walipata kisukari cha aina ya pili zaidi ya mara mbili ya wengine.

Mwaka 2025, mkutano wa kimataifa wa kisukari uliofanyika Bangkok uliutambua rasmi ugonjwa unaowapata watu wembamba waliokua na utapiamlo, ukauita kisukari cha aina ya tano. Si ugonjwa mpya. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955 nchini Jamaika, kisha ukasahauliwa. Wataalamu bado wanabishana juu ya mipaka yake na matibabu yake, na kuwapa wagonjwa hawa insulini nyingi kunaweza kuwaletea hatari ya sukari kushuka ghafla. Kwa hiyo wembamba si kinga. Na fedha inayotumika kumlisha mjamzito wa leo maharagwe, lengalenga na ndagala ni fedha ya kuzuia kisukari cha mwaka 2060, ingawa hakuna bajeti inayoandikwa hivyo.

Sukari yenyewe je? Uingereza iliigawa kwa kipimo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, hadi Septemba 1953. Walipolinganishwa waliokuwa tumboni na wachanga kabla ya tarehe hiyo na waliozaliwa baadaye, waliotangulia walipata kisukari pungufu kwa takriban asilimia 35. Ule mzaha wa madukani una chembe ya ukweli, basi, lakini kwa mtoto wa siku 1,000 za kwanza tangu kutungwa mimba, na kwa nchi ambayo chakula kingine kilikuwapo. Uhaba wa sukari pamoja na uhaba wa kila kitu si tiba.

Swali linalobaki ni la mtu aliyekwisha kurithi. Afanye nini? Mwaka 2002 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari, walipopunguza asilimia saba ya uzito na kutembea haraka dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Miaka minne baadaye wakatazamwa kwa jeni zao. Wenye nakala mbili za ile tofauti ya TCF7L2 walikuwa hatarini zaidi pale tu walipoachwa bila msaada. Walipobadili maisha, tofauti yao na wengine ilipungua sana. Na jeni ya FTO nayo hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu zake kwa mtu anayeushughulisha mwili.

Bujumbura haihitaji kufundishwa kukimbia. Makundi yanayopanda vilima mwishoni mwa wiki huku yakiimba ni desturi ya mji huu, kiasi kwamba mwaka 2014 serikali iliyapiga marufuku kwa hofu za kisiasa. Miaka ya karibuni uhaba wa petroli umewatembeza kwa miguu hata wasiotaka, kutoka mjini hadi Kibenga na kuendelea kwenye barabara ya Rumonge. Siwezi kuusifu uhaba huo. Nasema tu kwamba miguu ile ina kazi hata siku mafuta yatakaporudi, na kwamba sinia la mishikaki na chupa tatu za bia ya Primus baada ya mbio za Jumamosi hufuta jasho lote.

Wapo watakaokuletea matangazo ya vipimo vya jeni kwa mtandao: tuma mate, ujue chakula kinachokufaa. Kwa kisukari cha kawaida usipoteze fedha. Alama zinazotolewa na vipimo hivyo zimepangwa zaidi kwa vinasaba vya Wazungu na hukosea kwetu, na ushauri unaotoka mwisho wake ni uleule ambao muuguzi wa kituo cha afya hukupa bure.

Kipimo cha urithi kilicho nafuu kuliko vyote ni kuuliza. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba mtu ambaye mzazi wake mmoja ana kisukari cha aina ya pili ana uwezekano wa asilimia 40 hivi wa kukipata maishani, na akiwa na wazazi wawili wenye ugonjwa huo, asilimia 70. Kwa Mrundi swali hili lina uzito wake. Wengi walipoteza baba na babu katika mauaji ya mwaka 1972, wengine mwaka 1993 na miaka ya vita iliyofuata, kabla wazee hao hawajafikia umri ambao kisukari hujitokeza. Asiyejua habari za ukoo wake ajihesabu kama mwenye hatari, apime. Na mwenye shangazi, mjomba au bibi aliye hai, awe Kibenga, Buyenzi au Rumonge, amwulize: nani kwetu alikatwa mguu, nani alipofuka uzeeni, nani alizaa watoto wakubwa kupita kiasi, nani alikuwa akiamka usiku kunywa maji? Andika majibu kwenye karatasi, na uende nayo siku utakapokwenda kupima sukari.